Je, mlima wa mbali ni kijani sawa na mti wa karibu?

Wengi wanaoanza kuchora mandhari huamini kwamba msitu ni kijani, basi mlima wenye msitu hupakwa kijani kilekile popote ulipo, na kivuli hupatikana kwa kuongeza nyeusi. Inaeleweka, tangu utotoni penseli moja ya kijani ilitosha majani yote.

Lakini hewa iliyo kati ya jicho na mlima hutawanya mwanga, hasa wa buluu. Jaribu mwenyewe: toboa karatasi nyeupe tundu dogo kama punje ya hindi. Chungulia jani la mwembe ulio karibu, kisha milima ya Usambara ukiwa mbali uwandani. Ndani ya tundu, mlima ni buluu ya kijivu, pengine zambarau kidogo.

Ndiyo maana wachoraji wengi huanza na tabaka la mbali: buluu iliyofifishwa kwa nyeupe, brashi pana, kingo laini. Likikauka (akriliki, yaani rangi inayochanganywa na maji, dakika chache; rangi ya mafuta siku kadhaa), huja vilima vya kati, kisha majani ya mbele kwa ncha ya brashi. Kwa kivuli, tia nyekundu kidogo kwenye kijani. Nyeusi mimi huiacha kwenye kisanduku. Ikizidi, picha hushika masizi.