Udhaifu wa Uzeeni na Uwezo wa Kuinuka Tena

Katika kazi yangu ya fiziotherapia, wodini ambako wazee huletwa kwa huduma za utengamao, yaani za kuwarudishia uwezo wa kujihudumia, baada ya kuvunjika nyonga au kuugua nimonia, ndugu wa mgonjwa huniuliza kila mara kama mzee wao atarudi alivyokuwa. Ugumu ni kwamba tumezoea kulijibu swali hilo kwa kipimo cha udhaifu peke yake, ilhali jibu lina sehemu mbili: udhaifu wenyewe, na uwezo wa kuinuka tena.

Udhaifu wa uzeeni, kwa maana ya kitabibu, ni kupungua kwa akiba ya mwili katika mifumo mingi kwa pamoja, kiasi kwamba jambo dogo, kama maambukizi ya njia ya mkojo, linatosha kumlaza mtu kitandani. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake nchini Marekani waliainisha dalili 5: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, kiganja kisicho na nguvu, kutembea polepole na kutojishughulisha. Mwenye dalili 3 au zaidi huhesabiwa kuwa dhaifu. Mimi huanza na mwendo wa kutembea, kwa kuwa saa na mita chache za ukumbi zinatosha. Anayekwenda chini ya mita 0.8 kwa sekunde, mimi humfuatilia kwa karibu.

Ustahimilivu, yaani uwezo wa mwili na moyo kuinuka baada ya kutikiswa, haupimiki siku mgonjwa anapopokelewa. Wawili wanaweza kuingia na alama zilezile za udhaifu, mmoja akaketi ukingoni mwa kitanda siku ya pili na kusimama siku ya nne, mwenzake akabaki palepale wiki nzima. Kwa hiyo hurudia vipimo vilevile kila baada ya siku 2 au 3, na mwelekeo wake ndio ninaouamini kuliko alama ya kwanza. Anaposuasua, kabla sijamhukumu, hutafuta kinachomzuia: maumivu yasiyotibiwa, kuchanganyikiwa kwa ghafla, dawa za usingizi, lishe duni, huzuni, au mpira wa mkojo ambao hakuna anayekumbuka kwa nini bado haujatolewa. Huu wa mwisho nimeukuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kitanda chenyewe nacho hudhoofisha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Mgonjwa aliyevunjika nyonga huanza akiwa na akiba ndogo kuliko wao. Kwa upande mwingine, utafiti wa Pamplona, Hispania, wa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 370 wenye wastani wa umri wa miaka 87, ulionyesha kwamba mazoezi ya nguvu, ya kusimama bila kuyumba na ya kutembea, mara mbili kwa siku kwa siku chache, yaliwawezesha walioyafanya kujihudumia vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Ndiyo maana sikubali alama ya udhaifu itumike kumnyima mzee nafasi ya utengamao. Lakini wapo ambao, hata vizuizi vyote vikiondolewa, hali yao haibadiliki kwa wiki 2. Hapo hubadilisha lengo, tukajitahidi ahame kutoka kitandani hadi kitini kwa msaada wa mtu mmoja badala ya wawili, na kuanzia siku hiyo huwafundisha ndugu zake namna ya kumwinua.