Je, wajua kwa nini mafundisho ya Buddha yameingia kwenye tiba ya sonona?

Mtu amepona sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu. Usingizi umerudi, chakula kinapita, kazini anakwenda. Kisha inakuja siku mbaya ya kawaida tu: mtoto kaumwa, bosi kafoka, hela haitoshi. Wengine siku hiyo huwapita. Yeye anaweza kurudi kitandani wiki nzima, na wiki ikazaa mwezi. Kwa nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanasaikolojia watatu, Zindel Segal wa Kanada pamoja na Mark Williams na John Teasdale wa Uingereza, walianza kutafuta njia ya kuwakinga watu kama huyu wasiugue tena. Katika mojawapo ya tafiti za Segal, watu waliokwisha kupona walisikilizishwa muziki wa huzuni uliopunguzwa kasi, huku wakikumbuka jambo lililowahi kuwaumiza. Huzuni yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Lakini kwa baadhi yao iliamka na mawazo ya enzi za ugonjwa: mimi sifai, nisipofanikiwa sina thamani. Hao ambao mawazo yao yaliamka zaidi ndio waliokuwa katika hatari kubwa ya kuugua tena katika miezi iliyofuata.

Kwa hiyo hatari kubwa haikuwa huzuni. Ilikuwa yale ambayo akili huyafanya huzuni ikishaingia: kuichokonoa, kuitafutia mkosaji, kujiuliza usiku kucha "kwa nini mimi tena?"

Jambo hili Siddhartha Gautama, ndiye Buddha, alilifundisha kaskazini mwa India zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Katika mojawapo ya mahubiri yake anasema kwamba mtu asiyefunzwa akipatwa na maumivu hulia, huomboleza na kujipiga kifua, na hivyo huwa kama aliyechomwa mshale, kisha akachomwa na wa pili. Aliyefunzwa naye huchomwa, na maumivu anayasikia kweli. Ila mshale wake ni mmoja.

Mimi napenda kwamba Buddha hakuukana mshale wa kwanza. Hakusema maumivu ni uvivu wala ni kukosa shukrani.

Sasa, mtu anajifunzaje kuuepuka ule wa pili? Segal na wenzake walikwenda kwa Jon Kabat-Zinn, mwanabiolojia wa Marekani aliyekuwa mwanafunzi wa walimu wa Zen, tawi mojawapo la Ubudha. Mwaka 1979, katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, alianzisha mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Alichukua mazoezi ya Kibudha ya utulivu wa akili, akaacha ibada. Ndiyo maana Mwislamu au Mkristo huyafanya bila kubadili dini.

Segal na wenzake wakayageuza mafunzo hayo yawafae waliopona sonona. Kipindi cha kwanza huanza na punje moja ya zabibu kavu. Unaishika, unaitazama mikunjo yake, unaisikilizia kwa vidole, unainusa, ndipo unaiweka mdomoni na kuitafuna polepole. Akili itatoroka tu, iende kwenye deni au ugomvi wa jana. Ikitoroka, unairudisha bila kujilaumu. Zoezi hilohilo hufanywa kwa pumzi, kisha kwa mwili mzima, na hatimaye kwa mawazo yenyewe: "sifai" linapokuja, unalitambua kuwa ni wazo lililopita kichwani, halijawa hukumu.

Matokeo? Utafiti wa mwaka 2000 uliwahusisha watu 145 waliokwisha kupona. Kati ya waliokuwa wameugua mara tatu au zaidi, asilimia 66 ya waliopata huduma ya kawaida waliugua tena. Kwa waliopata mafunzo, asilimia 37. Waliougua mara mbili tu hawakuona faida hiyo. Mwaka 2015, utafiti mwingine wa Uingereza uliwafuatilia watu 424 kwa miaka miwili: waliopata mafunzo huku wakisaidiwa kupunguza au kuacha dawa, asilimia 44 waliugua tena, na walioendelea na dawa, asilimia 47. Karibu sawa. Hiyo si ruhusa ya kutupa vidonge. Wale walipunguza dawa chini ya uangalizi wa daktari.

Tena, mafunzo haya yalitungwa kwa waliokwisha kupata nafuu. Aliye katikati ya giza, ukimwambia akae kimya na mawazo yake, huenda ukamwongezea mzigo.

Kwa mtu huyo, kazi kubwa iko kwetu tunaomzunguka, maana mshale wa pili mara nyingi tunaurusha sisi. "Jikaze." "Wenzako wana shida kuliko wewe." "Ungekuwa unasali usingekuwa hivi." Anayeambiwa hivyo alikuwa na ugonjwa, sasa ana ugonjwa na aibu. Buddha aliweka vigezo vya neno jema: lisemwe kwa wakati wake, liwe la kweli, la upole, lenye manufaa, na litoke kwenye moyo wenye nia njema. Nikiyapima maneno kama "jikaze" kwa vigezo hivi, sioni linalopita. "Nimekuja kukaa na wewe, nimekuletea uji" linapita. "Kesho nakusindikiza kliniki" nalo linapita. Na akisema anataka kufa, usingoje kesho: usimwache peke yake, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.