Imetanguliwa na nini?

Kwenye mlango wa ofisi moja katikati ya jiji palibandikwa karatasi yenye muhuri: "Zabuni hii imetanguliwa." Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo kijana mwenye bahasha ya kaki kwapani. Akaisoma mara mbili, akanigeukia. "Imetanguliwa na gani sasa? Kuna ingine inaanza?" Akaketi kwenye benchi kungoja zamu yake. Saa sita ndipo alipoambiwa hakuna zabuni tena.

Wengi huamini kutangua kuna uhusiano na kutangulia. Kosa si lao peke yao, sarufi yenyewe imewatega. Chukua huzaa chukuliwa, fungua huzaa funguliwa, na tangua huzaa tanguliwa. Tangulia nayo, ukiitia katika hali ya kutendwa, hutoa tanguliwa hiyo hiyo. Ni vitenzi viwili tofauti vilivyokutana mlangoni: kimoja ni kwenda mbele, kingine ni kuondolea jambo nguvu yake. Mimi ningeandika "Zabuni hii imefutwa" na kumwachia kijana asubuhi yake.

Wengine husema kutengua, umbo jingine la kutangua, ni Kiswahili cha Tanzania tu. Kweli, taarifa za kule za "Rais ametengua uteuzi wa fulani" ndizo zilizolizoesha sikio letu. Lakini uliza Eastleigh au South C, mitaa ya Nairobi yenye Waislamu wengi, kinachotengua udhu, utajibiwa bila kamusi. Tangua na tengua hutumika zote mbili kwa maana hii.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba kufuta na kubatilisha ni mamoja. Hapa Nairobi bado utasikia kwamba mwaka 2017 "Maraga alifuta uchaguzi", yaani David Maraga, Jaji Mkuu wa wakati ule. Kwanza, hakuwa peke yake: Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji 4 dhidi ya 2, Septemba 1. Pili, haikugusa uchaguzi wote wa Agosti 8. Magavana, maseneta, wabunge na wawakilishi wa wadi waliochaguliwa siku ile ile hawakuguswa na uamuzi huo. Kilichobatilishwa ni uchaguzi wa rais, na kwa kuwa Katiba inataka mwingine ufanyike ndani ya siku 60, tukarudi kwenye foleni Oktoba 26.

Neno batili ndilo lenye uzito hapo. Kufuta ni kama kufuta ubao: kilichoandikwa kiliandikwa, sasa kimeondolewa. Kubatilisha ni kusema hakikusimama kisheria tangu mwanzo, hata kama sote tulikiona kwa macho na wino ukatubaki kidoleni. Ndiyo maana ndoa iliyovunjwa na ndoa iliyobatilishwa ni kesi mbili tofauti. Ya kwanza ilikuwa ndoa, ikaisha kwa talaka. Ya pili ilikuwa na kasoro, na chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014 anayetaka ibatilishwe anapaswa kwenda mahakamani ndani ya mwaka mmoja tangu ilipofungwa. Shangazi wa upande wa bibi harusi, bila shaka, hatajali tofauti hiyo.

Kwenye matatu nako lugha huteleza. Sacco, yaani chama cha wenye matatu, ikipigwa marufuku kwa ajili ya ajali, abiria husema leseni imefutwa, kisha wiki mbili baadaye wanashangaa kuyaona magari yale yale yakipiga honi stejini. Mara nyingi leseni ilikuwa imesimamishwa tu. Iliyosimamishwa hurudi masharti yakitimizwa. Iliyofutwa, mwenyewe huanza kuomba upya.

Kuahirisha si kufuta, hilo linajulikana, ingawa mwenye ukumbi aliyekwisha kula amana hupenda kujifanya halijui. Na kughairi ni kwa mtu na nia yake: mimi naghairi safari, ofisi haighairi zabuni. Vijana wameyamaliza yote kwa neno moja, imekanselwa. Kijana wa bahasha angelielewa mara moja.