Yoga ya Joto ni Nini?

Yoga ya joto ni yoga inayofanywa ndani ya chumba kilichopashwa joto makusudi, mara nyingi kati ya nyuzi 32 na 41 za Selsiasi. Aliyeipa umaarufu ni Bikram Choudhury, mzaliwa wa Kolkata, India, aliyeanza kuifundisha Marekani katika miaka ya 1970. Mtindo wake una mikao 26 na mazoezi 2 ya kupumua, ambayo hufuatana bila kubadilishwa kwa dakika 90, huku chumba kikiwa na nyuzi zipatazo 40 na unyevu wa hewa wa asilimia 40. Choudhury alidai hakimiliki ya mfuatano huo, lakini mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani ilimkatalia.

Jambo linalopotoshwa zaidi ni jasho. Wengi hutoka darasani fulana zikiwa zimelowa chapachapa wakiamini wametoa sumu mwilini, ilhali jasho kwa sehemu kubwa ni maji na chumvi, na kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo. Hata uzito unaopungua papo hapo ni wa maji, nao hurudi mtu akishakunywa. Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi hukauka kwa shida, kama nguo zilizoanikwa wakati wa masika, hivyo hutiririka tu hadi kwenye mkeka huku joto la ndani ya mwili likizidi kupanda.

Ni kweli kwamba joto hulegeza misuli, na anayeinama kushika vidole vya miguu hufika mbali kuliko alivyozoea, ila ulegevu huohuo ndio unaomfanya avute kano kupita kiasi bila kujua. Kuhusu afya ya mishipa ya damu, utafiti wa wiki 12 uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Experimental Physiology ulionyesha kwamba waliofanya mikao hiyohiyo katika chumba cha kawaida walinufaika sawa na waliokuwa kwenye joto. Kwa maoni yangu, basi, joto ni suala la kupenda tu.

Wajawazito, wenye maradhi ya moyo na wanaotumia dawa za kupunguza maji mwilini wamwone daktari kwanza. Anayehisi kizunguzungu au kichefuchefu atoke nje mara moja, hata kama mwalimu anahimiza darasa livumilie.