Kabla ya kupunguza chakula, kagua namna unavyokinunua

Kila Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapotangaza mfumuko wa bei, swali linalonifikia ni lilelile: hiyo asilimia 3 ni ya soko gani? Anayeuliza ana haki. Katika kapu la bidhaa linalotumika kupima mfumuko Tanzania Bara, vyakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Nyumba ya kibarua wa Mbagala haiko hivyo; chakula peke yake kinaweza kumeza zaidi ya nusu ya kipato. Unga ukipanda, nyumba hiyo huumia kuliko takwimu zinavyoonyesha, na takwimu hazijadanganya.

Ndiyo maana sioni faida ya kumwambia mtu wa kipato cha siku agawe pesa yake kwa mafungu ya asilimia. Nikiwa ofisa lishe, ninachoona mara nyingi ni kwamba hali ikibana, watu hukata mlo kwanza: yai la mtoto, dagaa, mboga ya pili. Wakati huo huo pesa inavujia kwingine, kwenye namna ya kununua na kwenye moto wa kupikia.

Anza na mafuta. Tuseme mangi anakupimia mafuta ya sh. 600 kila siku, na kipimo hicho ni mililita 100. Kwa siku 30 umetumia sh. 18,000 kwa lita 3. Tuseme dumu la lita 3 dukani ni sh. 15,000. Weka bei za mtaani kwako, hesabu ni ileile: gawa pesa kwa ujazo au kwa kilo, ndipo ulinganishe. Sukari, unga, sabuni na mkaa wa kopo vinakwenda hivyo hivyo. Nyanya ndizo zenye ujanja zaidi, maana fungu hubaki na bei yake huku likipungua ukubwa.

Wanaopimiwa wanaijua hesabu hii vizuri. Shida yao ni kwamba sh. 15,000 haipatikani kwa mkupuo. Hapo ndipo mchezo, yaani kuchangiana kwa zamu, unapofaa. Watu kumi wakitoa sh. 500 kila mmoja kwa siku, kila baada ya siku tatu kuna dumu moja, na ndani ya siku 30 kila mmoja amepata lake. Mchango wa siku uko chini ya ile 600 ya kupimiwa. Mwezi wa kwanza ni mgumu kwa walio mwishoni mwa orodha, kwani wanachangia na bado wanapimiwa dukani; kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo, mwenye busara huwatanguliza wenye hali ngumu zaidi. Msikope kwa ajili ya hili. Benki Kuu imewawekea watoa mikopo midogo wenye leseni ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, na anayekudai 130,000 kwa 100,000 ya mwezi mmoja, ile tunayoiita kausha damu, yuko mbali sana na ukomo huo.

Kuna tahadhari moja. Dumu likiwa ndani, mkono huwa mwepesi. Mimina ya wiki kwenye chupa ndogo, dumu lifungiwe. Usipofanya hivyo, faida yote itaishia kwenye chapati.

Moto nao hauandikwi kwenye bajeti ya chakula, ingawa maharage bila mkaa hayaliki. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji, upike kwa maji mapya na sufuria ifunikwe. Muda jikoni hupungua sana. Chemsha ya siku mbili kwa pamoja bila kuyaunga, kisha uunge ya kila mlo peke yake. Kama huna friji, yachemshe tena hadi yatokote asubuhi na jioni, na yasivuke siku ya pili. Wenye umeme waangalie jiko la presha la umeme, linalopika maharage kwa umeme kidogo. Ila kama mita yako iko daraja la D1, lile la watumiaji wadogo wa nyumbani, fuatilia uniti: hadi 75 kwa mwezi bei ya msingi ni sh. 100 kwa kila uniti, na kila inayozidi ni sh. 350, kabla ya kodi na tozo.

Kwenye unga, dona hukupa zaidi ya sembe kwa pesa ileile. Ukikoboa, unaacha mashineni pumba pamoja na kiini chenye mafuta na vitamini, na umelipia vyote. Najua sembe ni nyeupe na wageni huisifu.

Unga wa lishe wenye nafaka na mbegu za kila aina, unaouzwa kwa bei ya kutisha, hauna miujiza. Uji wa dona wenye karanga zilizosagwa vizuri, au wenye maziwa, unamfaa mtoto, mradi kwenye milo mingine apate dagaa waliosagwa, mboga za majani na tunda la msimu. Huyu ndiye wa mwisho kukatiwa. Mtu mzima anaweza kuvumilia wiki ya ugali na matembele. Mtoto wa chini ya miaka miwili ana tumbo dogo na ukuaji ambao hausubiri hali ya baba yake itengemae.

Kinachobaki ni msimu. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini huvunwa kuanzia Mei hadi Julai, na kwa kawaida bei huanza kupanda kadiri mwaka unavyokwisha. Familia tatu au nne zikichangia gunia mwezi wa saba, hununua kwa bei ambayo Januari haipo. Lakini yawe makavu: ung'ate punje, ivunjike kwa mlio. Yahifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyoota fangasi. Sumu hiyo haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Kwa hiyo fungua gunia pale pale sokoni, chota kutoka katikati na chini, siyo juu tu, na ukiona ukungu au kunusa uvundo, usilipe hata kama bei imeshushwa.