Kupika fuwele ndani ya chumvi, bila maji

Zeolaiti ni fuwele zenye matundu madogo ya ukubwa wa molekuli, na nyingi za maabara hupikwa kwa maji. Unachanganya chanzo cha silika au fosfeti, chanzo cha alumini, na molekuli ya kaboni itakayoshikilia nafasi ya matundu wakati fuwele inajijenga. Unafunga vyote kwenye chombo cha chuma cha pua (otoklevu) chenye kikombe cha Tefloni ndani, unakiacha ovini. Maji yakifika nyuzi 200 za sentigredi, mvuke wake husukuma kwa presha ya takriban baa 15, yaani karibu mara 15 ya presha ya hewa. Kwa hiyo chombo lazima kiwe kizito, na hakifunguliwi mpaka kipoe kabisa.

Kazi yangu ni kupika fuwele za jinsi hiyo bila maji hayo. Natumia kimiminika cha ioni (chembe zenye chaji ya umeme), yaani chumvi ambayo ni majimaji chini ya nyuzi 100.

Chumvi ya mezani huyeyuka kwa nyuzi 801, maana ioni zake ni ndogo, za mviringo, na zinakamatana barabara. Weka mahali pa sodiamu ioni kubwa ya kaboni, yenye umbo lisilo na ulinganifu na chaji iliyosambaa, na mpangilio unavurugika: ni kama kujenga ukuta kwa matofali na mafenesi. Paul Walden alieleza mwaka 1914 nitrati ya ethili-amonia inayoyeyuka kwa nyuzi 12 tu. Haikuwashtua wengi. Vimiminika hivi vilianza kushika kasi baada ya 1992, Wilkes na Zaworotko walipotengeneza vya imidazoli (molekuli ya pete yenye kaboni na nitrojeni) visivyoharibiwa na hewa wala unyevu.

Mwaka 2004 kundi la Russell Morris, Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskoti, lilichapisha katika jarida la Nature jambo ambalo ukilisikia unajiuliza kwa nini hukuliwaza wewe. Molekuli tunazotumia kama kiolezo cha matundu ya zeolaiti aghalabu ni ioni za kaboni zenye nitrojeni. Kimiminika cha ioni nacho kimejaa ioni za aina hiyohiyo. Basi kwa nini kiyeyushi na kiolezo visiwe kitu kimoja? Walichukua bromidi ya ethili-methili-imidazoli, inayoyeyuka karibu na nyuzi 80, wakatia chanzo cha alumini na asidi ya fosforiki, wakapasha. Zikatoka fuwele za fosfeti ya alumini, mojawapo ikiwa na muundo ambao haukuwahi kuonekana. Waliziita SIZ na namba.

Katika kazi hiyohiyo walijaribu mchanganyiko ninaoupenda zaidi kufundishia: kloridi ya kolini na yurea. Ya kwanza huongezwa kwenye chakula cha kuku. Ya pili ni mbolea inayouzwa kwenye duka lolote la pembejeo. Peke yake kloridi ya kolini huyeyuka kwa nyuzi 302, na yurea kwa 133. Changanya molekuli moja ya kolini na mbili za yurea, kwa uzito kama gramu 140 kwa 120, pasha taratibu huku ukikoroga, utapata majimaji angavu yasiyo na rangi yanayoganda kwa nyuzi 12. Lakini kuna mtego. Ukifika nyuzi 150 na kupanda, yurea inaanza kuvunjika na kutoa amonia, kwa hiyo chombo kilichofungwa kitakuwa na presha. Amonia hiyo ina faida yake pia: ioni za amonia ndizo zinazoingia kwenye muundo wa SIZ-2 badala ya kolini. Kiolezo kinazaliwa ndani ya sufuria.

Vimiminika vya imidazoli, kwa upande mwingine, havitoi mvuke wa kuhesabika. Unaweza kupika kwa presha ya kawaida, hata kwenye chupa ya kioo yenye kidirisha, ukaona kinachoendelea. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kuu, si ule usemi kwamba ni “kemia ya kijani”. Baadhi ya imidazoli ni sumu kwa viumbe wa majini, na zile zenye heksaflorofosfeti zikikutana na maji na joto hutoa asidi hidrofloriki, ambayo haina mchezo na mfupa wa mtu.

Faida hiyo ya kupika bila presha inaonekana zaidi kwenye tando, yaani tabaka jembamba la fuwele linalofunika kitu. Aloi ya alumini yenye shaba inayotumika kwenye ndege huoza kwa kutu isipokingwa, na kinga ya zamani ni kromati (chumvi ya kromiamu), ambayo husababisha saratani. Kundi la mtafiti Yushan Yan lilitumbukiza kipande cha aloi hiyo kwenye kimiminika cha ioni chenye viungo vya zeolaiti ya aina ya AEL (herufi tatu kama hizi hutambulisha mpangilio wa matundu), wakakipasha kwa mikrowevu bila presha. Ioni hunyonya mikrowevu kwa nguvu sana, kwa hiyo joto hupanda haraka. Utando uliojengeka ulikuwa na fuwele zilizoelekea upande mmoja. Poda ya zeolaiti tunaichoma, mara nyingi kwa nyuzi 550, ili kiolezo kiungue na matundu yabaki wazi. Utando wa kinga hauchomwi hata kidogo: kiolezo kinaachwa kimeziba matundu, maji ya chumvi yasipite kwenda kwenye chuma.

Sasa maji yenyewe. Vimiminika hivi hunyonya unyevu hewani, na mtu anayefanya kazi mwambao wakati wa masika asidhani chupa yake ni kavu. Maji kidogo husaidia: huharakisha kuvunjika na kuungana kwa vifungo kati ya alumini na fosforasi. Yakiwa machache, kila molekuli imekamatwa na ioni zilizoizunguka na haina ukali wake wa kawaida. Katika baadhi ya vimiminika hata trikloridi ya fosforasi hudumu, ilhali kwenye maji ya kawaida hulipuka kwa hasira. Ukizidisha maji, umerudi kwenye upishi wa zamani, na mara nyingi hupati hata hiyo fuwele.

 

Kwamba mifano yangu mpaka hapa ni ya fosfeti si kwa bahati. Silika ni ngumu kuyeyuka kwenye bromidi za imidazoli. Mwaka 2010 kundi la St Andrews lilibadilisha sehemu ya bromidi kwa haidroksidi, silika ikakubali, wakapata zeolaiti za aina ya MFI na TON. Zote mbili zilikuwa zikipikwa kwa maji miaka mingi kabla ya hapo, na kwa bei ndogo zaidi. Anayetaka MFI kwa tani bado atafunga otoklevu.