Kiungo: pale hadithi fupi inaposhikana na mfululizo wake wa fantasia

Watoto wa Unguja na Pemba huzoea wahusika wanaojirudia kabla hawajajua kusoma. Paukwa! Pakawa! Sungura anamlaghai Fisi, Fisi anakufa. Kesho usiku Fisi yu hai tena, ana njaa ile ile na ujinga ule ule, wala hapana mtoto anayeuliza amefufukaje. Ngano hazina kumbukumbu. Kila usiku ulimwengu wake unaanza upya, na ndiyo maana bibi anaweza kuzisimulia kwa mpango wowote autakao.

Mfululizo wa fantasia haufanyi hivyo. Aliyekufa katika kitabu cha kwanza amekufa. Kiapo cha kitabu cha pili kinadaiwa katika cha nne. Kisiwa kilichochorwa upande wa mashariki wa ramani hakihamii magharibi kwa sababu mwandishi amesahau. Ulimwengu ule unakumbuka, na mwandishi akitoa hadithi fupi inayotokea humo humo, hadithi hiyo nayo inaingia katika kumbukumbu. Pale inapoingilia ndipo tunapopaita kiungo.

Basi kiungo ni jambo lililomo katika hadithi fupi ambalo ukishalijua linabadilisha namna unavyosoma sehemu fulani ya mfululizo. Au jambo la mfululizo linalobadilisha namna unavyoisoma hadithi fupi. Neno la kushika hapo ni "linabadilisha". Jina kutajwa pande zote mbili hakutoshi. Wasomaji wengi huteleza hapa hapa: wanarudi na orodha ya majina arobaini, na ukiwauliza jina la saba lina kazi gani, wanakodoa macho.

Mfano mzuri kwa watu wa visiwani ni Earthsea, ulimwengu wa mwandishi wa Marekani, Ursula K. Le Guin. Ni ulimwengu wa visiwa vitupu, watu wake husafiri kwa tanga, na mwenye elimu anaweza kuuita upepo ukajaza tanga lake. Wenye elimu hiyo kwa Kiswahili tungewaita waganga kuliko wachawi, kwani mchawi kwetu ni mtu wa kudhuru, ilhali hawa kazi yao ya kila siku ni kutengeneza mitumbwi, kuponya mbuzi na kuzuia mvua. Mwaka 1964 Le Guin alichapisha hadithi fupi mbili katika jarida lililoitwa Fantastic: The Word of Unbinding na The Rule of Names. Riwaya ya kwanza ya mfululizo, A Wizard of Earthsea, ilitoka 1968. Anayetaka kuzisoma mwenyewe kwanza aziache aya tatu zinazofuata, maana zinamwaga siri zote.

The Rule of Names iko katika kisiwa kidogo cha Sattins. Mganga wao ni Mr Underhill, mzee mnene anayeishi pangoni chini ya kilima, dawa zake hazifanyi kazi sawasawa, na wanakisiwa wanamchukulia hivyo hivyo alivyo. Mwalimu wa watoto, Palani, anawafundisha kanuni mbili: usimuulize mtu jina lake la kweli, na usilitaje lako. Kila mtu ana jina la kuitwa na jina la kweli, na anayelijua la kweli anammiliki mwenyewe. Hili halitushangazi sana sisi tunaowajua watu waliozeeka na jina la utani mpaka jirani halijui lile la cheti. Siku moja anakuja mgeni, Blackbeard, anayetafuta hazina ya kisiwa cha Pendor iliyoporwa na joka zamani. Anaamini kwamba Underhill ni mganga aliyemshinda joka yule na kuondoka na hazina, na kwamba yeye amekwishalipata jina lake la kweli: Yevaud. Wanapambana, wanageuka maumbo haya na haya, mwisho Blackbeard analitaja jina. Jina ni lenyewe. Underhill analazimika kurudi katika umbo lake la kweli, na umbo lake la kweli ni joka.

Sasa fungua riwaya ya 1968. Kijana Ged, mganga na mhusika mkuu wa riwaya, anakwenda Pendor kukabiliana na joka mzee. Amekisia jina lake kutokana na historia za kale alizosoma, analitaja: Yevaud. Joka linashikika. Linamwahidi Ged kumwambia jina la kivuli kinachomwinda, jambo analolihitaji kuliko yote duniani, naye anachagua kuliapisha lisije tena, wala wanawe, katika Funguvisiwa ambako watu anaowalinda wanaishi.

Viungo hapa ni vitatu na uzito wake si mmoja. Pendor ni kiungo cha mahali, nacho ni chepesi: kinakwambia uko katika bahari ile ile, basi. Yevaud ni kiungo cha mhusika, kizito zaidi. Lakini kinachobeba mzigo ni kiungo cha kanuni, yaani ile sheria ya majina. Blackbeard na Ged wametumia jina moja kwa joka moja. Mmoja ameuawa, mwingine ameshinda. Tofauti yao ni kwamba Blackbeard alilijua jina bila kujua ni la nani. Alidhani anamtaja mtu. Ged alijua anasema na joka. Msomaji aliyepitia hadithi fupi anafika Pendor na hofu ambayo riwaya peke yake haimpi, kwa sababu ameshaona jina sahihi likimuua aliyelitaja. Hicho ndicho kiungo kinachostahili kuandikwa.

Jaribio lake ni rahisi. Finika jambo lile, kana kwamba hulijui, kisha usome tena ukurasa wa upande wa pili. Kama ukurasa umebaki vile vile, ulichokipata ni mfanano. Kama kuna sentensi imepungua uzito au imeongezeka, hapo una kiungo. Fanya hivyo kwa Pendor, kisha kwa kanuni ya majina, utaona mwenyewe.

Ya kukusanya yanahitaji daftari, na daftari linahitaji safu sita: majina, mahali, wakati, kanuni, vitu, na kimya. Soma hadithi fupi mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili andika, na kila unaloliandika liwe na namba ya ukurasa. Bila namba utajikuta wiki ijayo unabishana na kumbukumbu yako. Hapo tu ndipo urudi katika mfululizo, si kwa kuusoma wote, bali kwa kutafuta sura zinazogusa majina na mahali ulipopaandika. Safu ya kanuni ijaze kwa sentensi kamili: nani anaweza kufanya nini, kwa gharama gani, na nini hakiwezekani. Safu ya kimya ndiyo inayosahauliwa. Humo unaandika kile ambacho hadithi ingepaswa kukitaja lakini haikukitaja. Kitabu kikisema vita vilimaliza kisiwa kizima, na hadithi fupi iliyowekwa miaka kumi baadaye haina mjane hata mmoja, hilo liandike.

Wakati una pande mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Kuna mwaka hadithi ilipochapishwa, na kuna mwaka inapotokea ndani ya ulimwengu wake. The Rule of Names ilikusanywa katika kitabu cha The Wind's Twelve Quarters mwaka 1975. Msomaji aliyeikuta humo, au aliyepata nakala ya simu isiyo na ukurasa wa haki za uchapaji, ataona 1975, ataona riwaya ni ya 1968, kisha ataandika kwamba Le Guin alirudi kumwendeleza Yevaud. Ni kinyume. Alimbuni kwanza katika hadithi fupi, miaka minne baadaye akamchukua kwenda naye katika riwaya. Daima tafuta tarehe ya kuchapishwa mara ya kwanza. Katika mikusanyiko huwa imeandikwa mwanzoni au mwishoni kwa herufi ndogo.

Kuhusu wakati wa ndani, hadithi hizi mbili zina fundo. Katika hadithi fupi joka limeshaihama Pendor pamoja na hazina. Katika riwaya lipo Pendor bado. Ipi inatangulia? Usikimbilie kusema mwandishi amekosea. Soma maneno ya kiapo: kimetaja Funguvisiwa. Kisha chukua ramani iliyomo mwanzoni mwa riwaya, uitafute Sattins, uone kama imo ndani ya eneo lililoapiwa au iko nje yake. Joka ni bingwa wa kushika maneno na kuachia nia, na jibu lako litategemea kidole chako kitakapoangukia.

Wakati mwingine, lakini, hapana fundo la kufungua. Katika The Word of Unbinding wamo mazimwi, nao hawakupata nafasi katika riwaya zilizofuata. Hadithi ya mwanzo mara nyingi huwa hivyo: mwandishi anajaribu udongo kabla hajajua anajenga nyumba ya vyumba vingapi. Liandike kama jambo lililoachwa, usilitungie maelezo. Anayelitungia maelezo ameacha kusoma, ameanza kuandika.

Si kila hadithi fupi inakaa mwanzoni. Nyingine ni daraja. Dragonfly ya Le Guin ilitoka 1998 katika mkusanyiko wa Legends, baada ya riwaya ya Tehanu ya 1990 na kabla ya The Other Wind ya 2001. Ni habari ya Irian, mwanamke anayekwenda katika skuli ya waganga ya Roke ambako wanawake hawaingii. Irian anarudi katika The Other Wind akiwa mhusika mkubwa, na aliyeruka daraja anakutana naye kama mgeni aliyeingia barazani katikati ya mazungumzo. Kwa daraja, mpangilio wa kusoma ni sehemu ya maana.

Nyingine zinarudi nyuma. The Hedge Knight ya George R. R. Martin, ya 1998 pia na katika mkusanyiko ule ule wa Legends, inatokea takriban miaka tisini kabla ya riwaya yake ya A Game of Thrones. Unaweza kuisoma bila kujua chochote na ikakutosha: askari maskini, farasi, mashindano, kijana mwenye kipara aitwaye Egg. Lakini Egg ndiye Aegon, atakayekuja kuwa mfalme, na kaka yake ni Aemon, yule mzee kipofu tunayemkuta Ukutani, ule ukuta mkubwa wa barafu wa kaskazini, katika riwaya. Fanya jaribio la kufinika: bila hadithi fupi, Aemon akimtaja mdogo wake anataja jina tu. Ukiwa umeisoma, anamtaja mtoto unayemjua.

Kazi hii inakwenda vizuri zaidi kwa watu wanne au watano, kila mmoja na safu yake au mbili, mmoja akipewa kimya peke yake. Kikao kimoja kinatosha hadithi moja. Kila kiungo kiandikwe kwa sentensi tatu: hadithi fupi inasema nini na ukurasa gani, mfululizo unasema nini na ukurasa gani, nini kinabadilika. Ikiwa ya tatu haiandikiki, futa zote. Na wanaosoma tafsiri wawe macho na tahajia. Wengi huku husoma Kiingereza, wengine Kiarabu, na Kiarabu hakina herufi yake ya v, kwa hiyo Yevaud hutarajiwa kuonekana kwa fa, na watafsiri wawili wanaweza kumpa irabu tofauti. Msomaji akaona majoka wawili palipo na mmoja. Linganisha vitendo kabla ya kulinganisha herufi.

Limebaki kosa moja, nalo ni la nyumbani. Mwaka 1968 Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alitoa Kisima cha Giningi. Mwaka 1990 Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari mwingine, alitoa tamthilia ya Kivuli Kinaishi, na nchi inayotawaliwa na Bi Kirembwe humo inaitwa Giningi. Mwanafunzi akiziona zote mbili rafuni huwa anaruka: mfululizo! Hapana. Giningi ni mji wa wachawi katika masimulizi ya visiwa vyetu, mali ya kila mtu, na waandishi wawili wamechota katika kisima kimoja kila mmoja na ndoo yake. Walimu wa fasihi wanauita uhusiano huu mwingilianomatini, nao una thamani yake, lakini hauna kumbukumbu ya pamoja: linalotokea katika kitabu kimoja halimdai mtu wa kitabu kingine. Ukitaka mfululizo hapo, ufuate kwa Abdulla mwenyewe, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale wa 1960, ambako Bwana Msa na Najum wanatoka kitabu kimoja wanaingia kingine wakijuana. Hizo ni za upelelezi, si fantasia, na Bwana Msa ni mtu wa kudai ushahidi mbele ya mizimu, lakini kanuni ya kiungo ni ile ile. Yeye na Bi Kirembwe hawakupata kukutana, wala hapana ukurasa unaodai walikutana.